Mwonekano wa Mrufani

Kwenye karatasi ya mazishi, chini ya picha ya Kanali akiwa ndani ya sare, familia ilikuwa imeandika kwamba marehemu alikuwa mtu msikivu hadi siku yake ya mwisho. Niliisoma sentensi hiyo mara mbili, nikiwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya hema, kwenye shamba la ukoo wake huko Dagoretti, mahali ambapo harufu ya kichinjio hufika upepo ukigeuka na mwewe huzunguka juu siku nzima. Nikajikuta natafuta kwa macho mtu wa kucheka naye. Alikuwa safu tatu mbele yangu: Sajini Makokha, ndani ya koti la kahawia lililombana mabegani, na nyuma ya kila sikio kifaa kidogo cha kusikia chenye rangi ambayo watengenezaji huita ya ngozi, ingawa si ngozi ya mtu yeyote aliyekuwa chini ya hema lile. Naye alikuwa na karatasi mkononi. Aligeuka, akaniona, akaweka kidole kwenye mstari uleule na kutikisa kichwa polepole. Hatukuwa tumeonana tangu mwaka ule nilioutumia kuandika jinsi watu walivyoonekana.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne na shahada ya falsafa ambayo hakuna aliyejua inafanya kazi gani, mimi nikiwa wa kwanza. Nilipata mkataba wa mwaka mmoja wa kuandika kumbukumbu katika baraza lililosikiliza rufaa za wanajeshi wastaafu, wale waliodai fidia kwa madhara waliyopata kazini wakaambiwa hapana. Ofisi ilikuwa orofa ya nne ya jengo kuukuu katikati ya jiji, karibu sana na River Road hivi kwamba mashine za wachapishaji zilisikika madirisha yakiwa wazi. Lifti ilikuwa imeharibika kabla sijaajiriwa na ilikuwa bado imeharibika nilipoondoka. Wanaume waliodai kuumia magoti, nyonga na uti wa mgongo walipanda ngazi hizo wakishika ukuta, na mimi, kwa maagizo, nilisimama juu kuwatazama. Kila kumbukumbu ilikuwa na sehemu iliyoitwa Mwonekano wa Mrufani, ambapo mwandishi alieleza jinsi aliyekata rufaa alivyotembea, alivyokaa, alivyojibu. Watu walizungumza Kiswahili chumbani na mimi nikaandika Kiingereza kwenye kompyuta. Humu nawarudishia Kiswahili chao kadiri ninavyokikumbuka.

Aliyenifundisha kazi ni karani mkuu, Madam Consolata, mwanamke wa makamo aliyevaa sweta ya kijani hata jua likiwa kali na aliyeamini kwamba vijana wa chuo kikuu ni ugonjwa unaopona wenyewe. "Andika vile macho imeona," aliniambia siku ya kwanza. "Akili yako iache kwa mlango, utaichukua jioni." Wiki hiyohiyo nililazimika kuandika kwamba mzee fulani mwenye dai la goti alipanda orofa nne bila kusaidiwa. Nikamuuliza kama naweza kuongeza kwamba lifti haifanyi kazi. "Hiyo si mwonekano wa mrufani," alisema bila kuinua macho. "Hiyo ni mwonekano wa jengo." Nilicheka, halafu nikaona hatanii. Dai la goti lilikataliwa, na miongoni mwa sababu ilikuwepo ngazi. Nilijiambia, kwa ule utulivu wa mtu asiyedaiwa chochote, kwamba nilikuwa nimepata mfano mzuri wa jinsi taasisi inavyoweza kusema uongo bila mtu yeyote ndani yake kusema uongo.

Wajumbe walikuwa watatu kwa karatasi na wawili kwa kawaida, kwa sababu wa tatu alikuwa safarini daima. Mwenyekiti alikuwa Kanali mstaafu wa kikosi cha mizinga, mtu mrefu, nadhifu, ambaye hakuwahi kumkaripia mtu lakini alizungumza kama anayemwita mwenzake ng'ambo ya uwanja wa mpira. Wa pili alikuwa Daktari, mfupi, mwenye sauti ya chini, aliyekaa kushoto kwa Kanali kila siku na kumnong'oneza kila kitu: "Anasema goti." "Anasema ni tangu safari ya kwanza." Mimi nilidhani anafupisha. Saa saba walikula palepale kwenye meza ya mashauri, faili zikisukumwa pembeni, chapati na maharagwe kutoka kibanda cha chini, na mimi nikala kwenye meza yangu ndogo nikisikiliza. Siku moja kulikuwa na rundo la madai ya masikio, na Daktari akasema ni mengi mno kuwa ya bahati. Kanali alikunja chapati yake. "Mimi nimekaa na mizinga miaka mingapi? Mpaka leo panya akitembea darini namsikia." Daktari akasema tafadhali chumvi. Kanali akaendelea kula. Daktari akasubiri mpaka Kanali akainua uso, kisha akasema tena, taratibu, "Chumvi, Kanali," na chumvi ikaja. Nililiona hilo kwa macho yangu mwenyewe, mimi niliyeajiriwa kuona, na sikuliandika popote hata kichwani.

Sajini Makokha alikuja katika rundo hilo. Alikuwa ametumikia miaka ishirini na miwili, karibu yote kwenye mizinga, na barua yake ya rufaa ilikuwa fupi kuliko zote nilizosoma: alisema masikio yake yalibaki kazini na yeye akarudi nyumbani. Alikuwa na karatasi ya hospitali iliyoonyesha amepoteza sehemu kubwa ya usikivu, lakini Daktari alieleza kwamba kipimo kile humtegemea anayepimwa. Unavaa vidude masikioni, unabonyeza kitufe ukisikia mlio, na asiyetaka kubonyeza habonyezi. Kwa hiyo walimwangalia yeye. Aliingia, akasimama wima mbele ya meza, akatoa jina na namba yake ya jeshi kabla neno la mwisho la swali halijatoka. Aliulizwa maswali mengi na akayajibu yote, mafupi, sawasawa, macho yake yakiwa yameganda usoni pa Kanali. Katika sehemu yangu niliandika: mrufani alijibu maswali yote kwa ufasaha bila kuhitaji kurudiwa. Nilijivunia sentensi hiyo. Ilikuwa kweli kabisa. Uamuzi ulipotoka aya yake ya mwisho iliinukuu neno kwa neno, kisha ikasema rufaa imekataliwa.

Alikuja kuchukua barua asubuhi moja ambayo Madam Consolata alikuwa akipanga makabati. Nilimkabidhi, nikageukia rafu kutafuta kitabu cha sahihi, na nikamwambia nikiwa nimempa mgongo kwamba aweke jina na tarehe akimaliza kusoma. Nilipogeuka alikuwa amesimama vilevile, akiitazama nafasi niliyokuwa nimesimama kama anayesubiri gari. Ndipo Madam Consolata akaangusha droo ya chuma nyuma yake. Mimi niliruka. Tarishi aliyekuwa anapita mlangoni akasema "Yesu!" Sajini hakupepesa jicho. Sijui ni nini kilinituma; nadhani ilikuwa tabia yangu ya chuoni ya kulibana jambo mpaka lipige kelele. Niliinua faili nikaziba mdomo nalo na kusema, kwa sauti ya kawaida, "Mzee, hili jengo linaungua."

Alitabasamu kwa heshima. "Ndiyo, Madam," alisema.

Madam Consolata aliniangalia mimi, akamwangalia yeye, akaokota droo. Sajini alipoondoka nilimwambia kwamba sentensi yangu ni ya kweli na ni ya uongo, na kwamba ni lazima irekebishwe. Alinieleza kwa subira jinsi ambavyo mwandishi hawezi kugusa kumbukumbu iliyokwisha tiwa sahihi. Kilichobaki ni mrufani mwenyewe kuomba mapitio, mara moja tu, ndani ya muda uliowekwa, akiwa na jambo jipya. "Na jambo jipya ni gani?" akauliza. "Ati karani amegundua? Wewe wa falsafa, utafukuzwa, na mzee bado atakuwa kiziwi." Kisha akaandika kitu kwenye kipande cha karatasi, akakisukuma kwangu pamoja na kikombe changu cha chai, akaendelea na makabati. Ilikuwa anwani ya lango moja huko Karen.

Nilikwenda Jumamosi, mchana. Sajini alikuwa mlinzi katika nyumba yenye ua mrefu wa michongoma, ndani ya kibanda cha mbao kilichotosha kiti, jiko la mafuta na picha ya kalenda. Alikuwa akila ugali na sukuma wiki kutoka kwenye sufuria, na kando yake alilala mbwa mzee wa kahawia, masikio juu. Hakushangaa kuniona, au hakuonyesha. Aligawa ugali kwa kifuniko cha sufuria akanipa upande mkubwa. "Kula kwanza, mama. Maneno haipoi."

Nilimuuliza mbwa anaitwaje. "Koplo," alisema. "Huyu ndiye mlinzi. Mimi ni dereva wake." Alieleza kwamba hatazami barabara, anatazama masikio ya Koplo. Sikio moja likigeuka, ni mtu kwa miguu. Yote mawili, ni gari. Akisimama, ni mwenye nyumba, na Sajini huwa tayari ameshafungua lango gari linapopiga kona. Mwenye nyumba humsifu kwa wenzake kwamba ana soja mwenye masikio kama ya popo. "Lakini sasa ona." Alipiga kifuniko kwa kijiko, kwa nguvu. Sikio moja la Koplo lilitikisika, la pili likabaki. "Anazeeka. Akistaafu huyu, mimi nimestaafu mara ya pili. Na hii ya pili haina hata gwaride." Ndipo nilipoelewa anachodai. Alitaka vifaa vya kusikia, ambavyo baraza lingemwezesha kupata kama lingekubali kwamba jeshi ndilo lililomtoa masikio, na alivitaka kabla mbwa hajafa.

Nilimwuliza, kwa ukali usionipasa, kwa nini hakusema hasikii. Kwa nini alijibu yote. Aliniangalia mdomoni mpaka nikamaliza. "Hapo kwa mizinga hakuna mtu husikia," alisema. "Baada ya mlio wa kwanza, kwisha. Unaangalia mkono wa afande na mdomo wake. Na afande harudii. Ukimwambia arudie, unazungushwa uwanja na mfuko wa mchanga kichwani mpaka jioni. Mimi sijawahi kumwambia mtu arudie tangu nikiwa kurutu. Hata mke wangu." Alitoa mfupa kwenye mfuko wa karatasi akampa Koplo. "Halafu, kwani hujaona? Yule mkubwa wenu pale mezani, naye anaangalia midomo. Siku ile tulikuwa tunaangaliana tu, kama kuku wawili." Alicheka mpaka akafuta macho. Mimi niliweka chini kifuniko. Nilikumbuka chumvi.

Kuandika ombi kulichukua mchana wote, kwa sababu hakutaka neno "siwezi" liwemo. Mwishowe tulikubaliana juu ya sentensi moja: nilijibu kwa kuangalia midomo, kama nilivyofundishwa kazini. Nilipeleka karatasi kwa mpiga chapa wa River Road, ili isitoke kwenye kompyuta ya ofisi, na yule kijana aliipiga huku akibishana na mwenzake juu ya penalti. Ombi lilipokelewa. Madam Consolata aliligonga muhuri bila kuniangalia.

Kisha barakoa zikaja. Mashauri yalisimama kwa miezi, yakarudi na masharti, na Sajini akapangiwa siku ya kwanza kabisa. Madirisha yote yalifunguliwa. Viti vilitengwa, na Daktari, ambaye maisha yake yote ya baraza yalikuwa sentimita chache kutoka sikio la kushoto la Kanali, aliwekwa mwisho wa meza karibu na mlango. Wote tulikuwa tumefunikwa kuanzia pua kwenda chini. Nililiona tatizo la Sajini mara tu alipoingia na nilikuwa, nakiri, nimefurahi. Niliwaza kwamba sasa wataona. La Kanali sikuliwaza.

Kanali aliuliza jina na namba. Sajini alisimama wima na kuitazama barakoa ya bluu. Kanali akauliza tena, kwa sauti iliyowanyamazisha watu barabarani, na mara ya tatu. Sajini hakujibu. Nilimwona Daktari akiandika kitu, na nikajua anachoandika, kwa sababu mara ya kwanza mtu huyuhuyu alijibu yote na kumbukumbu yangu ilikuwa mezani kushuhudia: anaigiza. Basi Sajini akazungumza bila kuulizwa, sauti yake ikiwa ya chini, si ya kulalamika. Alisema, "Afande, sioni mdomo. Ulikuwa Luteni wetu. Ulikuwa unainua mkono, ukishusha, sisi tunafyatua, na pamba ya masikio ulisema ni ya akina mama. Sasa inua hata mkono."

Daktari alikuwa amesikia. Aliangalia karatasi zake kama zilizoandikwa kwa lugha nyingine. Kanali aligeukia kushoto, mahali ambapo kwa miaka kulikuwa na mtu, na palikuwa na kiti kitupu. Kisha akarudisha uso mbele. "Mrufani ajibu swali," alisema.

Niliandika yote. Kwenye sehemu ya mwonekano niliweka: mwenyekiti aliuliza mara tatu, mrufani hakujibu, mrufani alisema maneno haya, mwenyekiti hakuyajibu, alimtaka ajibu swali. Sikuongeza hata kivumishi. Alasiri niliipeleka chumbani kwa Kanali ili atie sahihi. Alikuwa peke yake, barakoa ikining'inia sikio moja, na kando ya mkono wake chai iliyokwisha kufanya utando. Alisoma kwa kidole. Kidole kilifika mahali kikasimama. "Alisema hivi?" aliuliza hatimaye. Kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo.

"Ndiyo, Kanali."

"Yote haya? Na mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa umekaa mbele yake."

Alirudia kusoma. "Makokha," alisema, akitafuta. "Walikuwa wengi. Walikuwa watoto. Na mimi nilikuwa mtoto." Alivua barakoa kabisa, akaikunja mara mbili. Alinieleza, bila kupandisha sauti, jambo nililolijua: maneno yale yakibaki kwenye kumbukumbu, yeye hawezi kuendelea na shauri hilo, maana ametajwa ndani yake, faili litapelekwa kwa baraza jingine, baraza jingine halipo, litateuliwa, na kuteuliwa kunachukua muda wake. Yakiondolewa, Daktari na yeye wanaweza kuamua kwa walichokiona wenyewe asubuhi ile: mtu asiyeona midomo hakusikia kitu. "Wewe ndiye mwandishi," alisema, akanisogezea karatasi. Hakuniamuru. Mara nyingi nimetamani angeniamuru.

Nilirudi mezani kwangu. Nilimfikiria mbwa mwenye sikio moja lililobaki. Nilifikiria pia, maana nilikuwa mtu wa kufikiria hata pale isipotakiwa, kwamba nilikuwa nimeutumia mwaka mzima nikiwacheka watu wanaochagua ukweli upi uonekane. Madam Consolata alikuwa anavaa sweta yake aende nyumbani. Aliisoma skrini begani kwangu. "Akili yako uliiacha kwa mlango?" aliuliza. Nikasema hapana. "Basi ni shida yako," alisema, na akaniaga vizuri, kama siku zote. Nilifuta kauli ya Sajini na jibu la Kanali. Nikabakiza swali lililoulizwa mara tatu na kimya. Rufaa ilikubaliwa wiki hiyo. Aya ya mwisho ilisema baraza limejionea lenyewe. Mkataba wangu ulipoisha sikuomba mwingine, na hakuna aliyeniuliza kwa nini.

Nimeligeuza jambo hilo kwa kila upande. Kuna siku naamini Kanali alimfanyia Sajini wema, na siku nyingine naona alinunua ukimya kwa vifaa vya mtu mwingine na mimi nikawa dalali. Ninachojua kwa hakika ni kwamba Sajini alikuwa amebeba maneno yale tangu ujana wake, akayasema mara moja, kwa mtu mmoja, na mtu huyo hakuyasikia.

Dagoretti, walipolishusha jeneza, wanajeshi wenye bunduki walijipanga ukingoni. Sajini alikuwa amekuja kusimama kando yangu. Alitoa kifaa cha kulia, akatoa cha kushoto, akavifunga kwenye leso na kuitia mfukoni kabla amri haijatolewa, na bunduki zilipolia, mwewe wote wakatawanyika na watoto wakalia, yeye alisimama akitazama moshi. Kisha akanigeukia, akauangalia mdomo wangu kwa yale mazoea ya zamani.

"Ile siku," alisema, "alinisikia?"

Watu walikuwa wengi karibu nasi, mjane akiwa hatua chache tu. Sikutoa sauti. Nilisema kwa midomo pekee, polepole: hakusikia, lakini aliyasoma, yote, halafu mimi nikayafuta.

Alitoa leso mfukoni, akaifungua kwenye kiganja, akarudisha kifaa kimoja sikioni, kisha cha pili, akivibonyeza kwa kidole gumba mpaka vikakaa. Aliinamisha kichwa kuelekea kwangu.

"Rudia, mama," alisema.

Nikarudia, kwa sauti.